Mnara ukilala, simu ndiyo inayokesha

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lenu nieleze jambo linalomgusa kila mwenye simu hapa Lubumbashi, ingawa wengi hulilalamikia kwa jina lisilo lake. Mimi ni fundi wa simu huko Katuba. Wateja huniletea simu wakidai kwamba betri imekufa, kwa kuwa ilichajiwa jioni hadi ikajaa, na alfajiri, bila mtu kuigusa, imebaki robo. Mara nyingi nikiipima betri hiyo naikuta nzima. Kilichoimaliza ni kazi ambayo simu imeifanya usiku kucha, yaani kutafuta mnara.

Simu isiyotumiwa haikai macho muda wote. Imeundwa ilale na kuamka kwa vipindi, na katika mtandao wa 4G kampuni ya simu inaweza kupanga kipindi hicho kiwe kati ya sekunde 0.32 na sekunde 2.56. Kila inapoamka husikiliza kwa muda mfupi mno kama mnara unaiita, kisha hulala tena, na ndiyo sababu simu njema iliyowekwa mezani humaliza siku nzima na ushee bila chaji. Hesabu hiyo, hata hivyo, ina sharti moja, kwamba mnara usikike vizuri. Ukififia, simu huanza kupima minara ya jirani, hushuka kutoka 4G hadi 3G, kutoka 3G hadi 2G, hupanda tena ikiona nafuu, na ikiangukia eneo jingine hulazimika kujiandikisha upya, jambo ambalo haiwezi kulifanya kwa kusikiliza tu, ni lazima itume. Kutuma ndiko kunakokula betri.

Kwa nini basi mnara ufifie usiku, wakati hakuna aliyeusogeza? Jibu liko kwenye umeme. Tunategemea mabwawa ya Nzilo na Nseke kwenye mto Lualaba, na Mwadingusha kwenye mto Lufira, pamoja na umeme unaoletwa kutoka Inga kwa waya wa takriban kilomita 1,700, na migodi ya eneo hili inauhitaji umeme huo huo. Delestaji, yaani kukatwa umeme kwa zamu, ikifika mtaani, mnara huhamia kwenye betri zake, na betri zikichoka huwashwa jenereta ya mazutu. Mazutu hayo husafiri kwa malori kutoka mbali, ni ghali, na mengine huibiwa kabla hayajaungua. Kampuni inayotafuta njia ya kupunguza matumizi kwenye mnara haistahili kulaumiwa kwa hilo, kwa sababu mitambo ya redio hula umeme hata saa nane za usiku ambapo karibu hakuna anayezungumza.

Njia mojawapo ni kuzima baadhi ya mitambo wakati wateja ni wachache. Mnara mmoja huwa na masafa kadhaa ya mawimbi ya redio: ya juu, kama megahezi 1800 na 2100, ambayo huongeza nafasi kwa watu wengi lakini hayafiki mbali, na ya chini, kama megahezi 900, ambayo hufika mbali zaidi na kupenya kuta vizuri zaidi. Kuyalaza masafa ya juu usiku, huku yale ya chini yakibaki na nguvu zake zote, ni akili njema na mteja hatahisi kitu. Tatizo huanza pale ambapo yale ya chini nayo hupunguzwa, au mnara mzima huachwa ufe betri zikiisha, kwa matumaini kwamba mnara wa mtaa wa pili utawabeba watu wake.

Hapo ndipo watu wengi, na naogopa kusema hata baadhi ya wanaofanya maamuzi, husahau kwamba mawasiliano yana pande mbili zisizo na nguvu sawa. Mitambo ya mnara hutuma kwa makumi ya wati, wakati simu ya 4G haivuki takriban robo ya wati moja, na ile ndogo ya 2G, kwenye megahezi 900, hufika wati 2 kwa vipande vifupi vya muda. Mistari ya rezo, yaani ya mtandao, unayoiona juu ya kioo inakuonyesha jinsi simu inavyousikia mnara, haikuonyeshi jinsi mnara unavyoisikia simu. Mtu aliye ukumbini na mwenzake aliye mlangoni wanaweza kuzungumza hata kama ni mmoja wao tu mwenye kipaza sauti, lakini yule asiye nacho atapiga kelele hadi akauke koo. Umbali ukiongezeka mara mbili, nguvu inayotakiwa mahali palipo wazi kabisa ni mara 4, na katikati ya nyumba na miti ya mji wahandisi huhesabu kati ya mara 8 na 16. Simu hupandisha nguvu zake hadi mwisho wa uwezo wake, na ikishindwa hurudia kutuma kile kile.

Kwa hiyo sehemu ya umeme ambao kampuni inahesabu kuwa imeuokoa haijaokolewa. Imehamishwa kutoka kwenye mita ya mnara hadi mfukoni mwa mteja. Mnara ulikuwa ukilipiwa kwa mazutu ya jumla, na mama wa Ruashi asiye na umeme nyumbani huilipia simu yake faranga mkononi, kwa jirani mwenye sola au jenereta ndogo ambayo nayo inaunguza mafuta. Sijaona taarifa yoyote ya kampuni inayojisifu kwa kupunguza matumizi ya nishati ikiweka gharama hiyo kwenye hesabu zake.

Nitaje pia mvua, kwa kuwa kila mwaka kuanzia Novemba inasingiziwa mengi. Mawimbi yanayofika kwenye simu zetu hayazuiwi na mvua kwa kiasi cha kutisha. Viungo vya redio kati ya mnara na mnara, vinavyotumia masafa ya juu sana, ndivyo hudhoofika wakati wa mvua kubwa, na radi huharibu mitambo. Mteja anayeambiwa kwamba rezo imepotea kwa sababu ya mawingu, katika usiku mkavu wa Julai, ana haki ya kuuliza swali la pili.

Kwa wasomaji wenzangu, palipo na 4G hafifu, kuiwekea simu 3G au 2G peke yake kunaizuia kuhangaika kupanda na kushuka, na betri itadumu, ingawa intaneti itakuwa ya polepole. Wengine hushauri kuzima rezo kabisa wakati wa kulala. Ushauri huo unamfaa asiye na mgonjwa nyumbani wala zamu ya usiku, na hata yeye hapaswi kulazimika kuufuata ili kufidia mnara uliopunguzwa.

Ninachokiomba kwa kampuni ni kwamba masafa ya chini yasipunguzwe wala kuzimwa katika mitaa ambayo haina mnara wa pili ulio karibu, na kwamba fedha zinazookolewa kwa kulaza masafa ya juu zitumike kwanza kubadilisha betri za minara za madini ya risasi, ambazo huchakaa upesi zikimalizwa mara kwa mara, na kuweka sola mahali ambapo delestaji ni ya kila siku. Kwa ARPTC, mamlaka iliyoundwa na sheria ya mwaka 2002 kusimamia sekta hii, ombi langu ni dogo zaidi: ubora wa rezo upimwe pia kati ya saa sita na saa kumi na moja za usiku, ndani ya nyumba za mitaa yetu ya Katuba, Kenya na Ruashi hapa Lubumbashi, pande zote mbili za mawasiliano, na matokeo yatangazwe kwa kila mtaa pamoja na saa ambazo kila kampuni hupunguza nguvu za minara yake. Kipimo kilichochukuliwa mchana, ndani ya gari, kwenye barabara kubwa za katikati ya mji, hakiwezi kugundua tatizo hili.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Fundi wa simu, Katuba, Lubumbashi