Daktari wa meno naye aulize habari za usingizi

Mhariri,

Mgonjwa akishalala kwenye kiti changu na kuachama, siangalii meno tu. Wapo ambao ulimi umejaa mdomo hadi kidakatonge hakionekani, na pembeni una alama za meno. Wengine magego yamesagika, kidevu kimerudi nyuma. Dalili moja peke yake haithibitishi kitu. Zikikutana kwa mtu mmoja, humuuliza: unakoroma? Kuna aliyewahi kukuona pumzi inakatika usingizini? Unaamka umechoka, kichwa kinauma?

Wengi hushangaa, maana walikuja kuziba jino.

Apnea ya usingizini hutokea misuli ya koo inapolegea na njia ya hewa kuziba, kila mara kwa sekunde 10 au zaidi. Ikiwa kali, pumzi hukatika au kupungua mara 30 na zaidi kwa saa. Mwenyewe hana habari. Anayejua ni anayelala naye. Huandamana na shinikizo la damu linalogoma kushuka kwa dawa, kiharusi, na kusinzia kwenye usukani. Ni wachache wanaokwenda hospitali kwa sababu ya kukoroma, lakini kwetu huja hata walio wazima, kusafisha meno tu.

Mwaka 2017 Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani kilitoa msimamo kwamba tuchunguze dalili hizi na kuwapeleka wagonjwa kwa madaktari wanaohusika. Kuthibitisha ugonjwa si kazi yetu. Kunahitaji kipimo cha usingizi na daktari wa kukisoma. Hapa naomba wenzangu tuwe wakali. Kifaa cha mdomoni kinachosogeza taya ya chini mbele huwafaa wagonjwa wengi, nami naamini matumizi yake. Lakini kumuuzia mtu ambaye hajapimwa ni kumdhulumu: mkoromo unaweza kutulia huku pumzi ikiendelea kukatika, na yeye akadhani amepona.

Na watoto? Anayelala mdomo wazi, anayekoroma kila usiku, mwenye kaakaa jembamba, naye aonwe na daktari wa koo.

Maswali hayo matatu yawekwe kwenye fomu ya kila mgonjwa mpya, na yasirukwe kamwe kabla ya kumpa mtu dawa ya usingizi ili kumng'oa jino.

Daktari wa meno