Mwalimu wa nidhamu hawezi kuwa mshauri

Mhariri, naomba nafasi niongelee hawa walimu wa ushauri nasaha mashuleni, maana shule ya mtaani kwetu mwalimu wa ushauri ndo huyohuyo wa nidhamu, fimbo iko juu ya meza hapohapo, sasa niambie mtoto gani ataingia pale aseme nyumbani anapigwa au toka baba afariki hapati usingizi?

Halafu wazazi nasi, mtoto wa miaka tisa kaanza tena kukojoa kitandani baada ya msiba tunamwanika na godoro lake nje majirani waone, eti ataacha. Haachi ng'o! Mtoto mdogo hajui kukaa kwenye kiti aeleze huzuni, ndo maana washauri wa watoto wanatumia midoli na kuchora, akicheza yanatoka yenyewe.

Na msiseme mpaka tupate madaktari bingwa. Moshi na kule Bungoma Kenya watu wa kawaida tu, sio wanasaikolojia, walipewa mafunzo wakakaa na watoto yatima wa miaka 7 mpaka 13 kwenye vikundi, wiki hadi wiki, wakiwafundisha kuongelea kifo cha mzazi bila kuogopa, na mlezi naye anaitwa. Utafiti ulitoka 2020, wengi walipata nafuu.

Kwa hiyo wizara itenganishe hizo kazi mbili kwanza, hilo halihitaji hata bajeti. Na namba 116 ya watoto, inayopigwa bure, ibandikwe kila darasa, sio ofisini kwa mkuu.

Mzazi, Morogoro