Barua ya wazi kwa Afisa Michezo: ile waya bado ipo

Shikamoo Afisa. Sijui kama unanikumbuka, mimi ni yule kocha wa wavu uliyeniambia mwezi wa tatu "wiki ijayo nakuja na fundi". Basi huku Kigoma bado tunamsubiri huyo fundi, labda anakuja na treni.

Jumamosi binti mmoja wa timu kakimbilia mpira uliotoka nje, mguu ukanasa kwenye ile waya inayoshikilia nguzo ya neti, kifundo kikapinduka akaangukia bega. Barafu hatuna, mwenzake akaenda kuomba kwa mama wa samaki, tukamfunga na kanga tukampakia bodaboda hadi hospitali, na nauli imetoka mfukoni kwangu mimi ambaye posho naisikiaga tu. Daktari kasema hajavunjika ila kano zimechanika, asiruke wiki 6. UMISSETA, yale mashindano ya shule za sekondari, ndo basi tena. Na kifundo kikishateguka mara moja ni rahisi kuteguka tena palepale, hilo mama yake sijamwambia bado.

Usije ukasema sipashi vijana misuli. Tunapasha dakika 15 kila siku, tunasimama mguu mmoja mpaka wapita njia wanatucheka, nawafundisha kutua na miguu miwili magoti yakiwa yamekunjwa, maana vifundo vingi vinaumia pale chini ya neti, mtu karuka kupiga anatua juu ya mguu wa mwenzake. Goti langu mimi liliishia kwenye uwanja wa saruji, miaka ya kuruka tu, maumivu chini ya pia ya goti, sasa hivi kuchuchumaa chooni ni mtihani (samahani lakini ndo ukweli). Ila waya haina mazoezi, Afisa. Sheria za kimataifa zinataka nguzo laini, zisimame bila waya, nusu mita mpaka mita 1 nje ya mstari. Zetu ni mabomba ya kutu.

Tuliomba uwanja, ukaahidi. Tukashuka tukaomba mchanga wa kumwaga uwanjani, kimya. Nasikia hela ilienda kwenye jezi za mpira wa miguu, sina uhakika, ila jezi nimeziona, nzuri sana, hongera.

Haya, mchanga acha. Nguzo mpya acha. Naomba mifuko 2 ya saruji, mashimo tutachimba wenyewe, tuzisimike hizohizo tuing'oe hiyo waya. Mifuko miwili tu Afisa. Kama shida ni gari niambie, naifuata na toroli leo jioni.