Barua kwa mwanangu: mbona ile darubini hakuna fundi wa kuifuata

Mwanangu,

Swali lako nimeliona, nikacheka kwanza halafu nikaanza kulifikiria kweli maana lina hoja. Unauliza inakuwaje watu wamwage dola kama bilioni 10 kutengeneza darubini ya James Webb halafu wakaiweke kilomita milioni 1.5 kutoka duniani, mahali ambapo fundi hafiki, wakati darubini ya kabla yake, Hubble, waliiacha hapo juu tu, na ilivyorushwa 1990 ikagundulika kioo chake kimechongwa vibaya, wanaanga walipanda 1993 wakaitengeneza, ikaanza kuona vizuri. Ati kwa nini wasifanye hivohivo.

Shida yote imeletwa na mwanga wenyewe. Ulimwengu una umri wa miaka bilioni 13.8 hivi, na mwanga wa galaksi za mwanzomwanzo umekuwa njiani karibu muda wote huo, na huko njiani ulimwengu ulikuwa unatanuka, basi mawimbi ya mwanga nayo yakavutika yakawa marefu. Ulioondoka kule mkali kabisa unatufikia ukiwa infraredi, jicho halioni kitu. Na infraredi, sijui kama walishawafundisha, inatolewa na chochote chenye joto, wewe, mimi, dunia, mwezi, hata darubini yenyewe. Yaani ukiiacha ipate joto ni sawa na mtu anayetaka kusikia mnong'ono huku mwenyewe anapiga kelele. Lazima ipoe, na sio kupoa kwa mchezo, kuna kifaa kimoja mle kinaitwa MIRI kinafanya kazi kwenye nyuzi 266 hivi chini ya sifuri na kimewekewa friji yake peke yake.

Kwa hiyo pale ilipo Hubble hapafai, dunia iko karibu mno. Kule walikoipeleka, wanapaita L2, jua na dunia na mwezi vyote vinakaa upande mmoja, unavipa mgongo vyote kwa mpigo na kukinga mwavuli mmoja. Huo mwavuli una ukubwa wa uwanja wa tenisi, matabaka 5 ya plastiki inayoitwa Kapton, la kwanza lina unene wa milimita 0.05 na mengine ni nusu ya hapo. Dhahabu kwenye vioo nayo wengi wanadhani ni mbwembwe za matajiri, kumbe ni kwa sababu dhahabu inaakisi infraredi vizuri sana, na yote ukiikusanya ni gramu 48 hivi.

Sasa njoo kwenye balaa lenyewe. Kioo kina upana wa mita 6.5, kichwa cha roketi ya Ariane 5 kina mita 5 na ushee tu kwa nje. Hakiingii. Ndo wakakigawa vipande 18 vya beriliamu, metali nyepesi, mabawa ya kioo yakakunjwa, mwavuli ukakunjwa, kila kitu kikakunjwa, na vyote vijifungue vyenyewe huko angani. Mwavuli peke yake ulikuwa umeshikwa na pini 107 na zote zilitakiwa ziachie, na ukichukua mtambo mzima walihesabu sehemu 344 ambazo moja ikigoma basi kazi nzima inaweza kufa. Ukijua hilo huwezi kuwashangaa kwamba waliwahi kusema itaruka 2007 halafu ikaja kuruka 2021. 2018 waliitikisa kwenye majaribio skrubu za kifuniko cha mwavuli zikadondoka! Kabla ya hapo, 2011, kuna wabunge Marekani walishataka mradi ufutwe kabisa. Mimi kwa kweli ningekuwa naulipia ningekuwa upande wa hao wabunge, lakini skrubu bora idondokee chini kuliko kule juu.

Iliruka tarehe 25 Desemba 2021 kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa. Kitu ambacho watu wengi hawajui ni kwamba haikuwa na kamera ya kujitazama. Roketi ilipoiachia, kamera ya roketi ikaionyesha inaenda zake na paneli ya sola inafunguka, basi, hakuna aliyeiona tena kwa karibu. Tarehe 31 Desemba walitakiwa wafungue mikono ya kuvuta mwavuli, ila kwanza kifuniko chake kiwe kimeshajikunja, na swichi za kusema kimejikunja hazikusema chochote. Fikiria hapo. Huwezi kuchungulia, huwezi kumtuma mtu, una namba tu kwenye skrini. Wakaangalia vipimo vya joto vimebadilikaje, wakaangalia na jairo, kile kifaa cha kupima chombo kinavyogeuka, wakaona hivi vinaonyesha kifuniko kimetoka, swichi ndo zinazingua, wakaendelea. Huyo ndo fundi unayemuulizia mwanangu, alikaa duniani akasoma joto.

Na Ariane iliilenga njia vizuri kiasi kwamba mafuta waliyopigia hesabu ya miaka 10 sasa wanasema yanaweza kupita 20, na hilo ni jambo kubwa maana kule hamna pa kujazia.

Je, imelipa? Mimi nasema ndiyo. 2024 ilitangazwa galaksi inaitwa JADES-GS-z14-0, tunaiona ilivyokuwa miaka milioni 290 tu hivi baada ya mlipuko mkuu ulioanzisha ulimwengu, na inang'aa kuliko hesabu za wengi zilivyotegemea, mpaka leo wanabishana ilikuaje kubwa haraka hivo.

Na lile ulilosema kwamba rangi za picha zake ni za kubuni, uko sahihi nusu, infraredi haina rangi ya kuonekana kwa hiyo mawimbi marefu wanayapa nyekundu na mafupi buluu, mpangilio ni wa kweli. Ila we fungua ile picha ya kwanza ya Julai 2022, ya kundi la galaksi linaloitwa SMACS 0723, uikuze. Vyenye miiba 8 ni nyota za hapahapa kwenye galaksi yetu, miiba 6 inatokana na umbo la kioo na miwili midogo ni ya nguzo iliyobeba kioo kidogo cha mbele. Visivyo na miiba, karibu vyote ni galaksi. Vihesabu ukichoka uniambie umefika ngapi.

Mzazi wako