Walimu wetu, turuhusuni tukachore jani lenyewe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme jambo ambalo sisi wanafunzi wa sanaa tunaliongea kila siku wenyewe kwa wenyewe lakini haliwafikii wanaotufundisha na kutusahihishia. Tukipewa projekti ya "asili" au "mazingira" kinachotokea ni kwamba darasa zima linainamia simu, mtu anatafuta picha ya kipepeo kwenye intaneti, anaikuza, anaifuata mstari kwa mstari, anapaka rangi safi kabisa halafu anapata maksi za juu, na kipepeo mwenyewe hajawahi kumwangalia hata dakika moja. Kwa kweli mimi naona hiyo sio projekti ya asili. Ni kunakili kazi ya mtu mwingine aliyehangaika kwenda kumtafuta huyo kipepeo.

Siwadharau wenzangu, wengi wana mkono mzuri sana. Ila ukichora kutoka kwenye skrini maamuzi yote umeshafanyiwa, mwanga umechaguliwa, upande umechaguliwa, kilichokatwa kimekatwa, na ule upande wa chini wa jani ambako mishipa imetokeza na wadudu wametaga huwezi kuugeuza ukauona. Chukua alizeti. Ukiiga kapicha kadogo utatia nukta nukta pale katikati basi umemaliza. Ukikaa na ua lenyewe ndo unagundua zile mbegu zimejipanga kwa mizunguko inayopishana, mingine inaelekea kulia mingine kushoto, na ukihesabu mara nyingi unakuta 34 upande mmoja na 55 upande wa pili, kwa sababu kila kichipukizi kipya kinatokea kwenye pembe ya kama digrii 137.5 kutoka kwa kilichotangulia. Mtu akishahesabu hivyo kwa kidole chake mwenyewe mchoro wake unabadilika, hata mtazamaji asiyejua hesabu anahisi lile ua linazunguka.

Na wala hili sio jambo jipya. Mwaka 1503 mchoraji wa Ujerumani Albrecht Dürer alichora kwa rangi za maji kipande tu cha magugu, yale yale watu wanayoyakanyaga wakipita, unyasi mmoja mmoja na udongo wake chini, na mpaka leo mchoro huo umetunzwa Vienna kwenye makumbusho ya Albertina. Anayenigusa zaidi ni Maria Sibylla Merian, mchoraji wa wadudu na mimea. Huyu mama tangu akiwa binti wa miaka 13 alikuwa anafuga viwavi wa hariri ili aone wanavyobadilika, wakati watu wengi bado wanaamini wadudu wanazaliwa na tope na vitu vilivyooza. Mwaka 1699, ana miaka 52 tayari, akapanda meli na binti yake mdogo mpaka Suriname kule Amerika Kusini, akakaa huko karibu miaka miwili anachora yai, kiwavi, pupa (kiwavi akishajifungia kabla ya kugeuka) na kipepeo juu ya mmea ule ule wanaoula, mpaka maradhi yakamrudisha. Mwaka 1705 akatoa kitabu ambacho baadaye hata Carl Linnaeus alikitumia kwenye kazi yake ya kuainisha viumbe. Yaani michoro ilikuwa sahihi kiasi kwamba mwanasayansi aliitegemea! Hiyo inatokana na kukaa na kiwavi mpaka ageuke, hakuna njia ya mkato hapo.

Kuna wataosema mbona kamera nayo ni chombo cha sanaa. Ni kweli kabisa, na mimi simu siichukii. Karl Blossfeldt alikuwa mwalimu wa sanaa Berlin, alipiga picha vichipukizi na mbegu na mashina akazikuza mpaka mara 30 hivi, na alikuwa anazipiga ili wanafunzi wake waone umbo la mmea lilivyojengwa. Lakini yeye ndiye aliyeutafuta ule mmea akauweka mbele ya kamera. Anna Atkins naye kuanzia mwaka 1843 alitengeneza kitabu cha mwani wa Uingereza kwa njia ya sayanotaipu iliyobuniwa na mwanasayansi John Herschel mwaka mmoja kabla, unapaka karatasi dawa za chuma, unaikausha gizani, unalaza mmea juu yake, unaitoa juani, kisha unaosha kwa maji, palipofunikwa panabaki peupe na pengine pote panakuwa bluu. Hapo mmea wenyewe umegusa karatasi. Na msanii wa Uingereza Richard Long mwaka 1967, akiwa bado mwanafunzi London, alitembea kwenda na kurudi kwenye nyasi mpaka ukatokea mstari, akaupiga picha, basi, kazi imeisha na leo inasomwa duniani kote. Huwa najiuliza angeipeleka kwa baadhi ya wanaotusahihishia sisi angepata ngapi.

Mimi sasa hivi nafanya projekti ya majani yaliyoanguka. Jani moja nalichora likiwa bichi, nalichora tena likianza kunyauka, tena likijikunja kingo, mpaka likiwa la kahawia linavunjika ukilishika. Mengine naloweka kwenye maji mpaka nyama yake ioze ibaki mishipa mitupu, inanuka sana lakini kinachobaki ni kitu ambacho sijawahi kukiona kwenye picha yoyote. Maji ya petali nyekundu nayo natumia kama wino, ukitia ndimu yanawaka, ukitia magadi yanageuka kuelekea kijani, na juani yanafifia. Nguo nikitaka ishike rangi ya mimea naanza kwa kuichemsha na shabu. Sasa kazi ya namna hii haiwezi kuwa safi, karatasi zinakunjamana, kuna madoa, kuna udongo, na rangi nyingine itakuwa imepauka kabla hata ya siku ya kusahihisha. Mwenzangu mmoja alikatwa maksi za usafi kwa sababu daftari lake lilikuwa na matope, wakati kila ukurasa wa daftari lile ulionyesha kitu alichokiona kwa macho yake, na aliyenakili kutoka kwenye simu akampita mbali. Iliniuma sana.

Ninachoomba kwa walimu wetu na waliokabidhiwa kutusahihisha ni kwamba daftari la uchunguzi lihesabiwe kama sehemu ya kazi, lipewe maksi zake za kueleweka, tupewe vipindi vya kutoka nje hata kama ni kusimama chini ya mti mmoja tu saa nzima, na mtu akileta mchoro aulizwe hiki ulikiona wapi na kilikuwaje upande wa nyuma. Kazi ikifa kabla ya kusahihishwa, picha na maelezo ya jinsi ilivyokufa yapokelewe. Wazazi nao tunawaomba wasitupe zile chupa za maji ya majani tunazopanga dirishani, sio uchafu, ndo maabara yetu.

Na wewe Mhariri, kwenye ukurasa wa vijana mnachapisha michoro iliyokamilika peke yake. Tafadhali mtutengee nafasi ya kurasa za madaftari, pamoja na madoa yake, tuko wengi tutakaozileta.

Wako,
Mwanafunzi wa sanaa, mwaka wa pili