Barua kwa Mwalimu: Lile Tairi la Baku

Morogoro, Jumapili usiku

Mwalimu wangu,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu. Sisi wazima, mafua ya watoto yamekwisha, na ile kompresa iliyokuwa inakohoa nimeibadilisha pete, sasa inajaza vizuri. Shemeji mwambie mbegu za mchicha zilifika.

Swali lako la Jumatano sijalisahau. Uliniachia pale kibandani nimeshika geji mkononi, ukadandia bodaboda ukaenda zako. Ulisema umeona ile video ya mbio za magari za Formula 1 kule Baku, Azerbaijan, dereva Max Verstappen anaongoza, barabara imenyooka kama rula, hakuna aliyemgusa, mara tairi la nyuma linapasuka, gari linakwenda kubamiza ukuta. Ukamalizia kwa sauti kwamba hapo lazima pana mkono wa mtu. Wateja wote wakageuka kunitazama mimi, kana kwamba nilikuwa Azerbaijan siku hiyo na msumari mfukoni.

Siku ile, tarehe 6 Juni 2021, hayakupasuka moja, yalipasuka mawili. La kwanza lilikuwa la dereva Lance Stroll, mbio zikiwa zimevuka nusu kidogo. Verstappen akafuata mzunguko wa 46 kati ya 51. Wote wawili tairi la nyuma kushoto. Wote wawili kwenye ule mnyooko mrefu wa kilometa mbili na ushee, kwa mwendo wa kilometa 300 kwa saa. Mtu wa hujuma hapangi kazi namna hiyo, Mwalimu. Magari mawili ya timu mbili zisizopikiwa chungu kimoja yakifa gurudumu lile lile, mahali pale pale, mimi namwacha mchawi nalitazama gurudumu limekuwa likibebeshwa nini.

Wengi siku hiyo walisema ni kipande cha kitu barabarani, na hata Pirelli, wenye matairi, walianza kwa kushuku hivyo. Si wazo la kijinga. Tairi la nyuma kushoto la dereva mwingine, Lewis Hamilton, lilikutwa na mkato mrefu, tena wa kina. Ila hilo halikupasuka, lilifika salama. Yale mawili yaliyopasuka yalipochunguzwa, jibu likawa jingine: ubavu wa ndani, ule unaotazama gari, ulikatika kwa kufuata mduara, na sababu ikahusishwa na hali ambayo tairi lilikuwa likiendeshwa. Niliposoma hapo chai yangu ilipoa mezani. Mduara ubavuni! Ndugu yangu, huo mduara nina undugu nao, nimeushika kwa vidole hivi.

Kabla sijafungua kibanda changu nilikuwa gereji ya kampuni moja ya malori, jina tuliache. Pale upepo ulipimwa kwa teke. Dereva anazunguka lori, anapiga kila tairi teke moja, likilia "du" basi limejaa, safari. Siku moja likaja lori lenye tairi ambalo kwa nje lilikuwa bichi kabisa, kashata zimesimama. Tulipolitoa kwenye rimu, ukamwagika unga mweusi, laini kama kahawa iliyosagwa, labda vijiko vitatu vinne. Ule unga ni tairi lenyewe, limejisaga kwa ndani. Nikaingiza mkono nikapapasa: ubavuni kuna mstari umezunguka tairi zima, raba imekwaruzika, ukibonyeza panalegea kama fizi ya jino bovu. Nikasema hili limekufa. Nikaambiwa acha uoga, jaza, funga. Halikufika Mikumi. Dereva alinusurika, na alipohojiwa akasema tairi lilipasuka ghafla. Hakudanganya, maana aliyekaa kwenye usukani huwa anasikia mlio wa mwisho tu.

Kama unataka kujua kinachotokea, chukua kipande cha waya wa seng'enge hapo uwani. Ukunje, ukunjue, ukunje, ukunjue. Baada ya mara kadhaa gusa pale penye mkunjo na mdomo wako, utasikia joto. Endelea kidogo, unakatika, tena bila kukupa taarifa. Ubavu wa tairi unafanya hivyo kila gurudumu linapozunguka. Pale chini unapokutana na lami unabonyea, ukipanda juu unanyooka. Yale matairi ya Formula 1 ya wakati ule yalikuwa na kimo cha sentimita 67, kwa hiyo gurudumu likizunguka mara moja linakwenda mita 2 na kidogo. Kwa mwendo wa 300, hesabu unazifundisha wewe, ni karibu mara 40 kwa sekunde. Mnyooko mmoja wa Baku unakunja ubavu mara elfu moja. Halafu unarudi tena mzunguko unaofuata, na Verstappen alikuwa na seti ile kwa zaidi ya mizunguko 30.

Upepo ukiwa wa kutosha, mkunjo ni mdogo. Upepo ukipungua, mkunjo unakuwa mkubwa na joto linapanda. Na kuna kituko kingine hutakiona kwa macho ila kwenye picha za mwendo wa polepole: spidi ikizidi, ubavu uliobonyea haupati nafasi ya kunyooka sawasawa kabla haujarudi chini tena. Basi unaanza kupiga mawimbi, tairi zima linatetemeka nyuma ya pale linapogusa lami kama kanga iliyoanikwa kwenye upepo. Likifika hapo joto halipandi tena kwa hatua, linaruka. Raba inaachana na nyuzi, mkanda unabanduka, na spidi ile inamalizia yenyewe.

Sasa utaniuliza, watu wenye mainjinia na kompyuta zote zile, kwa nini wapunguze upepo? Kwa sababu tairi lenye upepo mdogo linalalia lami kwa eneo kubwa zaidi. Linashika. Kwenye kona unapata sehemu ya sekunde, na wale wanauza mpaka nyumba kwa sehemu ya sekunde. Ndiyo maana Pirelli kila mashindano wanatoa kiwango cha chini cha upepo, na kiwango cha juu cha kulaza magurudumu, yaani kuyainamisha. Na wewe unayajua mambo ya kiwango cha chini kuliko mimi. Ukiwaambia wanafunzi alama ya kufaulu ni 40, wako watakaotafuta 80, na wako watakaopiga hesabu mpaka wapate 40 kamili wasipoteze jasho. Timu za Formula 1 zote ni hao wa 40 kamili. Monza, Italia, mwaka 2015 magari ya timu ya Mercedes yalipimwa kabla ya kuanza, tairi moja la Hamilton likakutwa chini ya kiwango kwa 0.3 ya psi, kile kipimo cha upepo kwenye geji, na la Nico Rosberg 1.1. Wakaitwa kujieleza. Ilionekana wakati wa kufungwa yalikuwa sawa, yakapoa kidogo pale kwenye mstari, basi wakaachiwa.

Huo ndio ujanja wa kipimo. Hata Baku hakuna timu iliyokutwa imevunja kanuni. Pirelli wenyewe walisema masharti ya kuanzia yalifuatwa. Lakini kipimo wakati ule kilichukuliwa gari limesimama, na tairi linaishi likiwa linakimbia. Baada ya Baku, FIA, wale wanaosimamia mbio hizi, walitoa maelekezo mapya ya kubana upimaji kuanzia mashindano ya Ufaransa yaliyofuata. Mimi kwa hili siwalaumu Pirelli peke yao wala timu peke yao. Huyu alikadiria, yule akabana makadirio mpaka yakalia.

Lakini kama unataka kuona kila kosa limekusanyika siku moja, tafuta Silverstone, tarehe 30 Juni 2013. Hamilton yuko kwao Uingereza, anaongoza, mzunguko wa 8 tairi la nyuma kushoto likafumuka. Mzunguko wa 10 likafumuka la Felipe Massa, la nyuma kushoto vilevile. Wa 15 la Jean-Eric Vergne, vipande vya raba vinaruka hewani kama kunguru waliotupiwa jiwe. Karibu na mwisho la Sergio Perez. Charlie Whiting, aliyekuwa anasimamia mbio, alikiri baadaye kwamba alikaribia kuzisimamisha.

Sababu walizotoa Pirelli, mimi nilizisoma kama mtu anayesoma daftari la kibanda changu. Upepo mdogo, hilo tumeshalimaliza. Magurudumu yamelazwa kupita kiasi: gurudumu likiinama, mzigo wote unakaa kwenye bega la ndani, sehemu nyembamba, na ndiyo inayopikwa. Kingo za kona, hasa kona ya 4, zilikuwa kali, na gari linazipanda kwa kasi kila mzunguko. Na la nne, shika kiti: timu zilikuwa zinafunga matairi ya nyuma kinyume. La kushoto kulia, la kulia kushoto! Matairi yale yalikuwa yametengenezwa pande mbili zisizofanana, kila moja na upande wake, lakini mafundi waligundua kwamba wakiyabadilisha wanapata faida. Yakawa yanabeba mzigo kwa upande ambao mwenye kuyatengeneza hakuuandaa. Hapa kwetu kijana akifunga tairi lenye mshale ukielekea nyuma namfungulisha upya na soda ananinunulia. Kule walifanya makusudi, na kanuni wakati ule haikuwazuia. Mashindano yaliyofuata Ujerumani, mkanda wa chuma ndani ya matairi ya nyuma ukaondolewa ukawekwa wa Kevlar, nyuzi ngumu zisizo za chuma, na kubadilisha pande kukapigwa marufuku. Madereva walikuwa wameshasema, yakirudia, wanashuka kwenye magari.

Kuna na kisa cha zamani ambacho nakipenda kuliko vyote, Adelaide, Australia, Oktoba 1986, mbio za mwisho za msimu. Nigel Mansell alihitaji nafasi ya 3 tu awe bingwa wa dunia. Katikati ya mbio mpinzani wake Alain Prost akapata pancha akaingia piti kwa mafundi, na watu wa Goodyear, wenye matairi, wakayakagua aliyoyavua. Wakaona yamelika kidogo kuliko walivyoogopa, wakazijulisha timu kwamba yanaweza kumaliza bila kubadilishwa. Kwa tairi walilolishika, walikuwa sahihi. Ila Prost alikuwa dereva wa mkono laini, na walilishika tairi la gari lake tu. Keke Rosberg alikuwa anaongoza, akasikia kishindo nyuma akadhani injini imekufa. Akazima, akaegesha, akashuka kuangalia: injini nzima, ni tairi limebanduka, raba ilikuwa inachapa bodi ya gari. Alikuwa amezima gari zima akidhani limekufa! Muda si muda, Mansell yuko kwenye mnyooko kwa karibu 290, tairi la nyuma kushoto likalipuka, cheche zinaruka, anapambana na usukani mpaka gari likasimama. Timu yake ikamwita dereva wao mwingine, Nelson Piquet, abadilishe kwa tahadhari, na Prost, yule wa pancha, aliyekuwa ameshabadilisha matairi yake, akachukua mbio na ubingwa. Pancha ilimpa kikombe.

Usichanganye hizi na pancha za Naivasha kwenye Safari Rally. Kule jiwe linachana ubavu, upepo unatoka, dereva na msaidizi wake wanashuka kwenye vumbi wanabadilisha wenyewe, na wanaruhusiwa kubeba akiba mbili. Hiyo ni ajali ya jiwe, unaweza kumwonyesha mtu jiwe lenyewe. Hii ya Baku haina jiwe la kuonyesha, ndiyo maana wewe ukatafuta mchawi.

Sasa tuje kwenye Noah yako. Mara mbili umeniomba nipunguze upepo wa nyuma ili mama asirushwe na matuta ukimpeleka kliniki, na mara ya kwanza nilikubali, kosa langu. Halafu nasikia mwezi ujao mnakwenda nayo Dodoma, watu saba na mabegi. Niletee Jumamosi saa kumi na mbili na nusu, kabla jua halijapanda na kabla hujazunguka nayo mjini, maana tairi likishapata moto geji inaongopa. Njoo nayo taratibu.

Kipande cha lile tairi la Mikumi ninacho bado, nimekitundika nyuma ya kompresa. Nitakupa uingize kidole kwenye ule mstari.

Msalimie shemeji na wanangu.

Fundi wako