Barua ya wazi kwa Ofisa wa soko letu: tunaomba pipa la maganda

Mheshimiwa shikamoo. Naamini u mzima na familia yako. Sisi huku upande wa vitunguu tupo, ushuru tunalipa kila asubuhi, risiti tunazo.

Nakuandikia hadharani sababu ofisini nimeshazoea kuambiwa umetoka. Jumanne mgambo wako wamebeba viroba vyangu vya maganda, nimeyachambua nimeyakausha, wakayamwaga kwenye lori la taka juu ya pampasi za watu. Kuuliza kosa langu nini, naambiwa nafuga uchafu. Uchafu!

Hivi unajua kilichomo humo? Ganda kavu la kitunguu, lile jekundu linalopeperuka sokoni kutwa, lina kwasetini nyingi kuliko kitunguu cha ndani, hiyo ni antioksidanti, yaani kitu kinachosaidia kulinda chembe za mwili zisiharibike, na ukichemsha inatoka kwenye maji, ndo maana mimi naosha vizuri (madawa ya shambani hayo) natumbukiza kwenye supu ya kongoro kisha nachuja, supu inatoka rangi ya dhahabu wateja wanadhani bizari. Ganda la kiazi lina nyuzinyuzi na asidi ya klorojeniki, antioksidanti nyingine hiyo, la nyanya lina laikopini, ile rangi yake nyekundu, hata lile la zambarau la bilinganya mnalomenya na kutupa faida iko humohumo. Sisemi inaponya kansa kama wale wa WhatsApp. Nasema ni chakula.

Ila yanataka kuchambuliwa. Kiazi kilichoota ukijani ganda lake lina solanini, sumu hiyo, natupa. Ya vitunguu siyaweki kwenye gunia ninalomuuzia mfuga mbuzi, mnyama akila vitunguu vingi anaishiwa damu. Sasa yakishalala na maji ya samaki na hizo pampasi, hayamfai mtu wala mbuzi.

Na pipa uliahidi mwenyewe kikaoni, tukakupigia makofi, pipa la maganda peke yake litafika kabla ya mfungo. Tumefunga, Idi tumekula, pipa sijui linakuja kwa miguu.

Watu wanasema mwenye tenda ya taka analipwa kwa uzito, maganda mabichi yana maji yanamlemezea lori, hataki yapungue. Labda uzushi. Lakini mbona mgambo walikuja moja kwa moja kwangu, na lile rundo linalonuka karibu na choo wakaliruka?

Mheshimiwa, hela ya yule wa mbuzi ndo nauli ya mwanangu ya shule. Wiki hii nimekopa kwa kijana wa chipsi, na yeye maganda yake yameondoka na lori hilohilo. Baba yake mtoto unajua hali yake, sitaki kuyaandika hapa.

Viroba sidai, vimeshaenda. Tunaomba pipa. Likiwa jipya tutashukuru, lisipokuwepo tupe lile la bluu lililopasuka nyuma ya ofisi yako, tutaliziba wenyewe. Pipa tu mheshimiwa, na mgambo waambiwe ni la nini.

Mama Supu, upande wa vitunguu